Ter Stegen, saini iliyochelewa na kitambaa cha Barcelona

Tarehe 7 Agosti 2025 Barcelona ilitangaza kwamba imemvua Marc-André ter Stegen unahodha kwa muda, hadi shauri la nidhamu lililofunguliwa dhidi yake kwa kutosaini ripoti ya kitabibu ya jeraha lake liishe. Kitambaa akapewa Ronald Araújo. Kesho yake shauri likafungwa na kitambaa kikarudi kwa mwenyewe. Ndani ya saa hizo chache kipa aliyekuwa Barcelona tangu 2014 aligeuzwa mfano wa mchezaji mbinafsi, asiyejali klabu inayomlipa.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno, na bado inaniuma. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama mwajiriwa, ter Stegen hakukosa weledi. Kama nahodha, aliteleza kwa takriban wiki mbili. Klabu nayo ilikosea kuliko yeye. Mambo haya matatu yalichanganywa likawa moja, na ndiyo maana mjadala ulijaa kelele.

Namba ilivyomtoka

Tarehe 22 Septemba 2024 Barcelona ilikuwa ugenini kwa Villarreal, mechi iliyoisha kwa ushindi wa 5-1. Muda mfupi kabla ya mapumziko ter Stegen aliruka kudaka mpira wa juu, akatua vibaya, akabaki chini ameshika mguu. Kano ya goti la kulia ilikuwa imekatika. Alitolewa kwa machela. Alikuwa na umri wa miaka 32, na unahodha alikuwa ameupokea wiki chache tu kabla, baada ya Sergi Roberto kuondoka.

Kocha Hansi Flick alimpa goli Iñaki Peña, kipa wa pili. Siku kumi baadaye klabu ikamsajili kipa Mpolandi Wojciech Szczęsny, ambaye alikuwa ametangaza kustaafu mwezi Agosti mwaka huohuo baada ya kuachana na Juventus. Kwa miezi mitatu Szczęsny alikaa benchi akimwangalia Peña. Januari 2025 mambo yakageuka. Iliripotiwa kwamba Peña alichelewa kikao cha timu huko Saudi Arabia, kabla ya nusu fainali ya Supercopa (Kombe la Super la Hispania) dhidi ya Athletic Bilbao, na Flick, ambaye kwenye suala la muda hana mchezo, akampanga Mpolandi. Kwenye fainali Szczęsny alipewa kadi nyekundu, Peña akaingia, na Real Madrid wakafungwa 5-2. Hata hivyo Szczęsny ndiye aliyebaki na goli, na msimu ukaisha Barcelona ikiwa na La Liga, Kombe la Mfalme na hiyo Supercopa.

Ter Stegen alirudi uwanjani tarehe 3 Mei 2025, kwenye ushindi wa 2-1 dhidi ya Valladolid. Siku tatu baadaye ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Inter, na golini akasimama Szczęsny. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi, kwa kuwa kipa aliyekaa nje zaidi ya miezi saba hapelekwi Milan kwenye mechi ya aina ile. Lakini kwa ter Stegen ujumbe ulikuwa umeanza kuandikwa.

Mwezi Juni ukaandikwa kwa herufi kubwa. Barcelona ililipa kifungu cha kuvunja mkataba, takriban euro milioni 25, ikamchukua Joan García kutoka Espanyol, mahasimu wa jiji moja. García alikuwa na miaka 24 na alikuwa ametoka kwenye msimu aliookoa michomo mingi kuliko kipa mwingine yeyote wa La Liga. Hakuna klabu inayolipa fedha hizo kwa mtu wa kukaa benchi. Kisha Szczęsny akaongezewa mkataba hadi 2027. Nahodha, mwenye mkataba hadi 2028, akajikuta na kipa kijana mbele yake na kipa mzoefu pembeni yake.

Benchi la kipa

Kabla ya kumhukumu mtu katika hali hiyo, tuelewe benchi la kipa likoje. Winga aliyepoteza namba anaweza kuingia dakika ya 70, akafunga, na wiki inayofuata kocha akawa na la kufikiria. Kipa wa akiba hana dakika ya 70. Akiingia, maana yake mwenzake ameumia au amepewa kadi nyekundu. Hata kuomba nafasi kwa sauti hawezi bila kuonekana anamwombea mwenzake mabaya.

Na kazi yake haikomi. Kabla ya mechi yeye ndiye husaidia kumpasha moto kipa anayeanza, anampigia mashuti na kumrushia krosi. Katikati ya wiki anakaa golini washambuliaji wafanye mazoezi ya kumalizia. Akizembea hapo anaiumiza timu bila mtu wa jukwaani kujua. Kwa hiyo weledi wa kipa aliyeachwa hupimwa mahali ambapo kamera hazifiki, na wanaoweza kuutolea ushahidi ni kocha wa makipa na wenzake wawili au watatu wanaovaa glavu pamoja naye kila asubuhi.

Ter Stegen aliijua kazi hii. Alipofika kutoka Borussia Mönchengladbach mwaka 2014, Claudio Bravo alisajiliwa kiangazi hichohicho, na kocha Luis Enrique akawagawia mashindano. Bravo akapewa ligi, kijana wa miaka 22 akapewa Kombe la Mfalme na Ligi ya Mabingwa. Bravo aliruhusu mabao 19 tu katika mechi 37 za ligi na akatwaa tuzo ya Zamora, ya kipa wa La Liga mwenye wastani mdogo zaidi wa mabao ya kufungwa. Ter Stegen akadaka fainali ya Berlin, Juventus wakalala 3-1, na Barcelona ikabeba mataji matatu. Baada ya hapo hakuficha kwamba nusu ya msimu haimtoshi. Agosti 2016 klabu ilimchagua yeye, na Bravo akauzwa Manchester City.

Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana ter Stegen mwenyewe aliwahi kuwa García wa mtu mwingine. Bravo alikuwa bingwa na nahodha wa Chile, hakuwa amefanya kosa la kumponza, lakini klabu ilitazama umri na miguu ikaamua. Miaka tisa baadaye hesabu ileile ikamfikia aliyenufaika nayo. Katikati alikuwa ametoa huduma kubwa sana. Msimu wa 2022/23 Barcelona ilipochukua ubingwa chini ya Xavi, alimaliza mechi 26 za ligi bila kuruhusu bao, akatwaa Zamora na yeye.

Sheria ya Hispania inasemaje kuhusu mchezaji wa hivyo? Amri ya Kifalme namba 1006 ya mwaka 1985, inayosimamia ajira za wanamichezo wa kulipwa, inampa haki ya kufanya mazoezi na wenzake. Klabu haiwezi kumtoa mazoezini isipokuwa ameumia au yupo kwenye adhabu. Haimpi haki ya kupangwa. Kwa upande wake, yeye anadaiwa kutumika kwa bidii na kufuata maelekezo ya kiufundi. Mkataba ni huo. Hakuna mahali panaposema ni lazima aipende hali yake, wala panaposema lazima aondoke kwa hiari ili mishahara ipungue. Mwezi Juni 2025 alipokuwa na timu ya taifa ya Ujerumani alieleza kwamba anakusudia kubaki Barcelona. Wapo waliolichukulia hilo kama ukaidi. Mtu mwenye mkataba wa miaka mitatu mbele kusema atautumikia mkataba wake ni ukaidi wa aina gani?

Miezi mitatu, miezi minne

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Mwezi Julai mgongo ulimrudia. Haukuwa ugonjwa mgeni, kwa sababu Desemba 2023 alifanyiwa upasuaji wa mgongo huko Bordeaux, Ufaransa, na Februari 2024 alikuwa tayari golini. Safari hii timu ilikwenda Asia kwa mechi za maandalizi bila yeye. Tarehe 24 Julai akaandika kwenye kurasa zake za mitandaoni kwamba atafanyiwa upasuaji mwingine, na kwamba anatarajia kurejea baada ya takriban miezi mitatu.

Kwa msomaji wa kawaida hilo lilikuwa tangazo la jeraha tu. Kwa ofisi ya fedha ya Barcelona ilikuwa habari mbaya. La Liga huweka ukomo wa fedha ambazo kila klabu inaruhusiwa kutumia kwenye kikosi, na Barcelona imehangaika na ukomo huo kwa miaka kadhaa. Klabu iliyovuka ukomo haiwezi kumwandikisha mtu mpya kwenye ligi ili acheze, hata kama imeshamnunua, mpaka ipate nafasi. Kuna mlango mmoja wa dharura. Mchezaji akiumia jeraha la muda mrefu, yaani zaidi ya miezi minne, na kamati ya matibabu ya ligi ikathibitisha, klabu inaweza kutumia hadi asilimia 80 ya mshahara wake kumwandikisha mwingine.

Barcelona iliujua mlango huo vizuri. Agosti 2024 Dani Olmo aliandikishwa kwa kutumia jeraha la Andreas Christensen, na nafasi hiyo ilipoisha mwisho wa Desemba klabu ikaingia kwenye mzozo mkubwa hadi mamlaka ya michezo ya serikali ikatoa amri ya muda kumruhusu Olmo acheze. Na Szczęsny mwenyewe aliandikishwa kupitia nafasi iliyotokana na goti la ter Stegen. Ina maana mwili wa nahodha huyu ulikuwa umeshatumika mara moja kwenye vitabu vya hesabu, na hapakuwa na ugomvi wowote, kwa kuwa kano iliyokatika haina mjadala.

Mgongo ulikuwa na mjadala. Akisema miezi mitatu, García haandikishwi kwa njia hiyo. Ripoti ikisema zaidi ya minne, anaandikishwa. Kipa mpya wa mamilioni, aliyenunuliwa kuchukua nafasi yake, sasa alikuwa akisubiri makadirio ya kupona kwake. Mtu angetunga hadithi ya namna hii angeambiwa ametia chumvi.

Upasuaji ulifanyika mwishoni mwa Julai. Klabu iliandaa ripoti yake ya kitabibu kwa ajili ya La Liga, na ili ripoti itumwe ilihitaji ridhaa ya mgonjwa. Ter Stegen hakutia saini. Mapema Agosti klabu ikamfungulia shauri la nidhamu, tarehe 7 ikamvua unahodha, tarehe 8 yeye akatoa taarifa ndefu na kukubali kusaini. Kamati ya matibabu ya ligi ikalipitia faili na kulikubali kuwa ni jeraha la muda mrefu. Tarehe 16 Agosti García alidaka mechi yake ya kwanza ya ligi, Barcelona ikaifunga Mallorca 3-0 ugenini.

Kukataa kusaini ni kukataa kazi?

Swali la weledi linakaa hapa. Nadhani waliomshambulia hawakutofautisha kazi na ridhaa.

Taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee katika sheria za Ulaya. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inaziweka kwenye kundi ambalo kwa kawaida haliguswi bila idhini ya wazi ya mhusika au sababu maalumu ya kisheria. Maana ya idhini ni kwamba mtu anaweza kukataa. Ukimfungulia mtu shauri la nidhamu kwa sababu amekataa, umebakiza jina la idhini huku umeondoa maana yake. Hilo halibadiliki kwa kuwa mhusika ni tajiri, au kwa kuwa mashabiki wana haraka ya kumwona kipa mpya.

Linganisha na kisa cha mtu aliyemtangulia golini hapohapo Barcelona. Víctor Valdés aliondoka Camp Nou mwaka 2014, na Januari 2015 akajiunga na Manchester United. Julai mwaka huo kocha Louis van Gaal alisema hadharani kwamba Valdés alikataa kucheza na timu ya akiba, na kwamba kwa sababu hiyo hana nafasi tena klabuni. Valdés aliyapinga maelezo hayo, na miezi sita baadaye alikwenda Standard Liège kwa mkopo. Sina haja ya kuamua nani alikuwa mkweli kati yao. Ninachotaka kionekane ni aina ya tuhuma. Kipa akipangiwa mechi ya akiba na akakataa kuicheza, hapo amekataa kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kocha ana haki ya kumchukulia hatua. Ter Stegen hakukataa mechi, mazoezi, wala matibabu. Alikataa karatasi yenye habari za mgongo wake kwenda kwa mtu wa tatu, kwa ajili ya hesabu za klabu.

Alikuwa na sababu? Katika taarifa yake ya tarehe 8 alieleza kwamba upasuaji ulifanyika kwa idhini ya klabu, na kwamba muda alioutaja ulitokana na wataalamu aliowasikiliza. Alieleza pia kwamba usajili na mikataba ya kiangazi hicho ilikuwa imeshafanywa kabla hajaamua kupasuliwa, kwa hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kuandikishwa kwa wenzake kungetegemea masaibu yake. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito kuliko ilivyopokelewa. Klabu ilimnunua García mwezi Juni. Kama mwezi Juni haikuwa na nafasi ya kumwandikisha, shimo hilo ililichimba yenyewe, kabla ya mgongo kuuma.

Kulikuwa na Kombe la Dunia la 2026 pia. Manuel Neuer alistaafu timu ya taifa Agosti 2024, na baada ya miaka mingi ya kusubiri nyuma yake ter Stegen alikuwa hatimaye kipa namba moja wa Ujerumani, hadi goti lilipokatiza. Kipa anayekimbizana na saa namna hiyo ana kila sababu ya kuamini makadirio mafupi, na mgongo wa 2023 ulimpa ushahidi. Kuitwa mwongo kwa kutaja miezi mitatu wakati mara ya mwisho alirudi kwa takriban miwili ni uonevu.

Tena kuna jambo lililosahaulika katika zile siku za matusi. Oktoba 2020, janga la korona lilipoipiga klabu, ter Stegen alikuwa mmoja wa wachezaji wanne, pamoja na Gerard Piqué, Frenkie de Jong na Clément Lenglet, waliosaini mikataba mipya yenye marekebisho ya mishahara ili kuipa Barcelona pumzi. Mtu aliyekubali fedha yake isogezwe mbele klabu ilipokuwa hoi hawezi kuelezwa kwa sentensi moja kwamba hajali klabu.

Pale alipoteleza

Pamoja na yote hayo, simwondolei lawama.

Kosa la kwanza ni lile tangazo. Muda wa kupona hutangazwa na madaktari wa klabu, na kuna sababu nzuri za utaratibu huo. Mchezaji anayejitangazia muda mwenyewe, siku kadhaa kabla hata hajapasuliwa, anawafunga mikono madaktari. Wakisema muda mrefu zaidi wataonekana wanadanganya kwa ajili ya usajili, wakikubali wa kwake watakuwa wameamua na mgonjwa badala ya kuamua na kipimo. Kusema kwamba hakujua athari zake hakunishawishi sana. Baada ya sakata la Olmo, kila mtu aliyepita kwenye korido za klabu ile alijua maana ya miezi minne. Nahodha alijua zaidi.

Kosa la pili ni kubwa, na ndilo ninaloliona la uongozi. Kuridhia ripoti itumwe si sawa na kukubaliana na makadirio yaliyomo. Ripoti ni ya daktari wa klabu, na uamuzi ni wa kamati ya ligi, yenye madaktari wake. Angeweza kusaini siku ya kwanza na kuambatanisha maoni ya daktari aliyempasua kwamba anatarajia miezi mitatu. Faragha yake ingebaki mikononi mwake kwa kuwa ni yeye aliyeamua kuifungua, ukweli wake ungekuwa kwenye faili, na mzigo wa uamuzi ungehamia kwa kamati. Badala yake alinyamaza. Kwa mchezaji wa kawaida ukimya ni haki yake. Kwa nahodha ukimya uliendelea kumweka García, ambaye hakumkosea chochote zaidi ya kununuliwa, kwenye hali ya kutojua kama ataruhusiwa kufanya kazi yake wiki ya kwanza ya ligi.

Hapo ndipo natofautisha mchezaji na nahodha. Kitambaa kinamtaka mtu asimame kwa ajili ya mwenzake hata pale ambapo mwenzake huyo ndiye anayemwondoa. Ni sharti gumu, karibu la kikatili, lakini liko hivyo. Kama ter Stegen aliona hawezi kulibeba kiangazi kile, na hakuna ambaye angemshangaa, njia ya heshima ilikuwa kukirudisha kitambaa mwenyewe na kupigania haki zake kama mfanyakazi. Alitaka kubaki na vyote viwili.

Klabu nayo

Upande wa klabu siuchambui kwa upole. Kumvua mtu unahodha kabla shauri halijasikilizwa, kisha kumrudishia siku moja baada ya kusaini, kunaonyesha wazi kwamba kitambaa kilitumika kama kamba ya kumvutia. Adhabu ya kweli ya nidhamu haifutiki kwa saini. Kama kosa lilikuwa zito kiasi cha kustahili kuvuliwa, kurudishiwa kesho yake ni dhihaka kwa unahodha wenyewe. Na kama halikuwa zito kiasi hicho, hakustahili kutangazwa mbele ya dunia.

Lakini chanzo kiko nyuma ya Agosti. Barcelona ilikuwa na haki kamili ya kuamua kwamba García ni bora, na kwa mtazamo wangu ilikuwa sahihi kimpira. Kipa wa miaka 33 aliyetoka kwenye goti na mgongo si mtu wa kumjengea timu ya miaka sita ijayo. Deni lake lilikuwa kumkalisha kitako nahodha wake kabla ya kununua, kumweleza atakuwa wa ngapi, na kupanga naye njia ya kuondoka au masharti ya kubaki. Mambo hayo yakishughulikiwa Mei, karatasi ya Agosti inasainiwa kwa simu moja. Yasiposhughulikiwa, kila karatasi inakuwa uwanja wa vita.

Kilichofuata kinaniongezea uhakika. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, García aliumia goti mwishoni mwa Septemba na Szczęsny akashika goli. Ter Stegen alimaliza matibabu, akarudi mazoezini, akasubiri. Tarehe 16 Desemba alipewa mechi ya Kombe la Mfalme dhidi ya Guadalajara, timu ya madaraja ya chini, akacheza na Barcelona ikashinda 2-0. Januari 2026 akaenda Girona kwa mkopo kutafuta dakika. Aliporudi kutoka kwenye matibabu hakugoma, hakusingizia maumivu, na hata mechi ya Guadalajara hakuiona ndogo kwa mtu aliyewahi kudaka fainali ya Berlin. Kwa kipa aliyeachwa, huo ndio ushahidi ninaoupa uzito, kuliko zile wiki mbili za Julai na Agosti.

Kanuni ya La Liga yenyewe ndiyo inayonisumbua zaidi sasa. Inaifanya klabu iliyobanwa itamani jeraha liwe refu, wakati mchezaji anatamani liwe fupi, kisha inamtaka mchezaji huyo aidhinishe ripoti ya klabu hiyohiyo. Ligi ingeweza kumwomba mchezaji taarifa moja kwa moja, kwa madaktari wake, bila klabu kushika kalamu katikati. Ingeweza pia kuitaka klabu ionyeshe nafasi ya mshahara siku inaposaini mkataba na mchezaji mpya, badala ya kuisubiri hadi ligi inaanza. Mojawapo ya hayo lingekuwepo Juni 2025, García angeandikishwa au asingenunuliwa, na mgongo wa ter Stegen ungebaki suala lake na daktari wake.